Pimeni maji kabla ya kugawa vitalu
Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira na Maendeleo Endelevu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo

Nakala: Waziri wa Haidrokaboni, magavana wa majimbo ya Équateur, Mai-Ndombe, Tshuapa, Mongala na Sud-Ubangi

Mheshimiwa Waziri,

Nianze na ombi lenyewe, maana najua barua zinazofika mezani pako ni nyingi. Kisigawiwe kitalu hata kimoja cha mafuta ndani ya ardhi ya mboji ya Bonde la Kati mpaka serikali iwe imepima kina cha maji ya ardhi hiyo, masika na kiangazi, na kuwatangazia wananchi matokeo. Mengine yote nitakayoandika hapa ni sababu za ombi hilo.

Mambo yamekwenda kinyumenyume. Julai 2022 serikali ilifungua mnada wa vitalu 27 vya mafuta, na baadhi ya vitalu hivyo vilikaa juu ya mboji. Oktoba 2024 mnada ukafutwa, wengi wetu tukashusha pumzi. Haukupita mwaka, vikatangazwa vitalu vingine 52, safari hii Bonde la Kati likiwa ndilo kiini cha mpango. Kwa muda wote huo ramani za vitalu zimechorwa, zimeonyeshwa wawekezaji, zimefutwa, zimechorwa upya. Ramani rasmi ya kumwonyesha mkazi wa Mbandaka au Inongo maji yamesimama wapi, yanashuka wapi na kwa kiasi gani, mimi sijaiona ikitangazwa.

Kwa ajili ya wasomaji watakaoisoma barua hii pamoja nawe, nieleze kidogo mboji hii ni kitu gani. Katika msitu ambao maji yake hayakauki, majani, mizizi na magogo yanayoanguka hayaozi yakaisha, kwa sababu ndani ya maji yale hakuna oksijeni ya kuwatosha vijidudu wanaoozesha. Basi yanarundikana, mwaka juu ya mwaka. Wanaokwenda kuipima hutumia bomba la chuma lenye urefu wa nusu mita, lililopasuliwa ubavuni, linaloungwa na fito za chuma. Wanalisukuma chini kwa mikono, wanalizungusha, wanalipandisha. Linatoka limejaa udongo mweusi uliolowa, ukiubana kati ya vidole maji yanachuruzika, na ndani yake bado unaona vipande vya mti na nyuzi za mizizi. Fito nyingine inaungwa, bomba linarudi shimoni, nusu mita nyingine inapanda. Kazi inaendelea hivyo, watu wamesimama ndani ya tope hadi magotini, mpaka kwenye ncha ya bomba utokee udongo wa mfinyanzi wa kijivu. Hapo ndipo mboji imekwisha. Kuna mahali katika Bonde la Kati ambapo mfinyanzi huo haukuonekana mpaka bomba lilipopita mita 6, na mabaki ya chini kabisa yana umri wa zaidi ya miaka 10,000. Mwenye kalamu na apige hesabu: ardhi hiyo imejengwa kwa kasi isiyofika milimita moja kwa mwaka.

Eneo lenyewe ni kilomita za mraba 167,600, zaidi ya mara sita ya nchi nzima ya Rwanda. Theluthi mbili ziko kwetu, theluthi moja iko Kongo-Brazzaville. Ndani yake mna tani bilioni 29 za kaboni, zaidi ya robo ya kaboni yote iliyomo katika mboji ya nchi za joto duniani, kiasi kinachokaribia kile ambacho dunia nzima hukitoa kwa miaka mitatu kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Na ni asilimia 8 tu ya kaboni hiyo iliyomo ndani ya hifadhi zinazotambuliwa na sheria za nchi hizi mbili.

Mheshimiwa, namna eneo hili lilivyogunduliwa ina funzo kubwa kwa wizara yako. Hakuna setilaiti iliyowahi kuiona mboji. Setilaiti inaona juu ya msitu, au inaona maji yaliyo chini ya msitu. Mboji yenyewe imefichwa na vyote viwili. Greta Dargie na Simon Lewis wa Chuo Kikuu cha Leeds, pamoja na Suspense Averti Ifo wa Chuo Kikuu cha Marien Ngouabi kule Brazzaville, waliunganisha picha za rada za setilaiti ya Japani, picha za kawaida za Landsat na vipimo vya miinuko ya ardhi vilivyochukuliwa kutoka angani. Wakauliza: ni wapi ardhi ni tambarare, ina msitu wa kinamasi, na maji yake hayaondoki? Kisha, kuanzia mwaka 2012, wakaingia kwa miguu kuhakikisha. Ramani yao ya kwanza ilitoka mwaka 2017, ikataja kilomita za mraba 145,500.

Wakati huo upande wetu wa mpaka ulikuwa haujapimwa sawasawa. Baadaye watafiti wakaingia, akiwamo Profesa Corneille Ewango wa Chuo Kikuu cha Kisangani, wakachimba kandokando ya mito ya Équateur na kwingineko, na mwaka 2022 ramani mpya ikatoka na zile 167,600. Tofauti ya ramani hizo mbili ni zaidi ya kilomita za mraba 22,000, zaidi ya robo tatu ya Rwanda nzima. Makadirio ya kaboni, kinyume chake, yalishuka kidogo, kutoka tani bilioni 30.6 hadi 29, kwa kuwa kina cha mboji kwa wastani kilionekana ni mita 1.7 na si zile mita 2.4 za mwanzo. Ardhi haikubadilika kwa miaka hiyo mitano. Kilichobadilika ni kwamba watu waliingia na bomba mahali ambapo mwanzoni palikisiwa kutoka angani. Nakuomba ulikumbuke hilo kila mara mgeni mwenye kompyuta nzuri atakapokuja ofisini kwako kukuambia kwamba setilaiti peke yake inatosha.

Nami sizidharau setilaiti hata kidogo. Ndizo kazi yangu. Bonde la Kati hufunikwa na mawingu sehemu kubwa ya mwaka, na picha ya kawaida yenye mawingu haina faida. Rada haizuiwi na wingu wala giza. Mawimbi mafupi, ya sentimita tano na ushei, kama ya setilaiti za Ulaya za Sentinel-1, hugonga majani ya juu na kurudi. Mawimbi marefu, ya sentimita 24 hivi, hupenya majani, hufika chini, yakikuta maji yametulia huruka hadi kwenye shina la mti na kurudi angani kwa nguvu. Kwa hiyo kwenye picha ya rada hiyo msitu wenye maji miguuni mwake hung'aa, na msitu uliosimama kwenye ardhi kavu hufifia, ingawa kwa rubani anayepita juu yote miwili ni kijani kilekile. Ziweke upande kwa upande picha ya Februari na ya Novemba, utaona mng'ao ukitanuka kandokando ya mito ya Ngiri na Ruki, kisha ukisinyaa. Ni maji ya msimu unayoyaona, kutoka umbali wa kilomita zaidi ya 600.

Lakini mng'ao huo una mpaka wake. Maji yakishuka chini ya uso wa ardhi, hata kidogo, unapotea. Kuanzia hapo rada haiwezi kukuambia kwa uhakika kama maji yako sentimita 10 chini au sentimita 60 chini, wakati kwa mboji tofauti hiyo ndiyo uhai na kifo. Sentimita 10 chini, mboji bado imelowa na imetulia. Sentimita 60 chini, hewa imeingia, vijidudu wameanza kula kilichokaa salama miaka elfu kadhaa, na hewa ukaa inapanda bila kelele. Msitu hauonyeshi dalili yoyote. Miti ya rafia itabaki kijani, na inaweza kubaki kijani miaka mingi. Tahadhari za ukataji miti zinazotolewa kila wiki kwa msaada wa setilaiti, ambazo wizara yako inazipata bure, hazitalia, kwa maana hakuna mti uliokatwa.

Hiyo ndiyo hofu yangu kubwa. Mfumo wetu wa kufuatilia mazingira umejengwa kwa ajili ya panga na msumeno. Kazi hiyo ni muhimu na iendelee. Ila barabara ya mafuta haihitaji kukata msitu mkubwa ili iue mboji. Inatosha tuta la udongo lililopita katikati ya kinamasi bila makalvati ya kutosha: upande mmoja maji yanatuama na kuzamisha miti, upande wa pili yanakosekana. Inatosha mfereji mmoja uliochimbwa ili vyombo vizito vipite. Kwenye ripoti ya mwisho wa mwaka itaandikwa kwamba msitu uliopotea ni asilimia ndogo mno, na kwa takwimu za miti itakuwa kweli.

Tuangalie waliotutangulia. Indonesia, katikati ya miaka ya 1990, Rais Suharto aliamuru hekta milioni moja za kinamasi cha Kalimantan ya Kati zigeuzwe mashamba ya mpunga. Ikachimbwa mifereji ya maelfu ya kilomita. Mpunga haukukubali, mradi ukaachwa kabla ya muongo kwisha, mifereji ikabaki wazi ikiendelea kunyonya maji. Mwaka 1997 ukaja ukame wa El Niño, mboji iliyokauka ikashika moto. Watafiti waliotumia picha za setilaiti na vipimo vya ardhini walikadiria kwamba mioto ya mboji ya Indonesia mwaka huo ilitoa kati ya tani bilioni 0.81 na bilioni 2.57 za kaboni. Utaona makadirio hayo yalivyotanuka: kikomo cha juu ni zaidi ya mara tatu ya kile cha chini. Sababu yake kubwa ni kwamba hakuna aliyekuwa amepima vya kutosha kabla ya moto, hivyo baada ya moto wakabaki kukisia mboji ilikuwa nene kiasi gani.

Moto wa mboji wenyewe ni adui wa ajabu. Unatambaa chini kwa chini kama tanuri la mkaa lililofunikwa udongo, wiki hata miezi, kwa joto dogo ambalo vipima joto vya setilaiti mara nyingi hulikosa, huku moshi wake ukiziba hata picha za kawaida. Mwaka 2015 uliwaka tena. Hekta milioni 2.6 za misitu na mashamba ziliungua Indonesia, na Benki ya Dunia ikakadiria hasara ya dola bilioni 16. Ndipo Januari 2016 Rais Joko Widodo alipounda wakala maalumu wa kurejesha ardhi ya mboji, na sheria ikakazwa kwamba maji kwenye mashamba ya mboji yasishuke zaidi ya sentimita 40 chini ya uso wa ardhi. Wakaziba mifereji kwa mabanio, wakatega vipima maji vinavyotuma taarifa kwa mtandao wa simu. Kazi hiyo ni ya heshima, na wataalamu wake wako tayari kutufundisha, kwa kuwa Machi 2018 nchi yetu, Kongo-Brazzaville na Indonesia zilitia saini Azimio la Brazzaville la kuilinda mboji hii. Hata hivyo mwaka 2019 hekta nyingine milioni 1.6 ziliungua kule Indonesia.

Anayefuatilia urejeshaji wa namna hiyo kwa setilaiti hukutana na ugumu ambao ripoti za wafadhili huupita harakaharaka. Banio la magogo kwenye mfereji wa mita nne halionekani kwenye picha ambayo kila nukta yake ni mita 10. Likibomoka baada ya mafuriko, halionekani pia kwamba limebomoka. Miche iliyopandwa kando ya mfereji inaleta ukijani kwenye picha, na ukijani huo unaweza kuwa wa majani ya kangaga yaliyovamia ardhi iliyoungua. Kwa hiyo ripoti inayohesabu mabanio na miche haisemi lolote kuhusu maji yaliyorudi. Maji yanahesabiwa kwa maji.

Na ardhi iliyokauka haikungoji. Kwenye mashamba ya akasia na michikichi ya Sumatra, watafiti walipima uso wa ardhi ukishuka kwa zaidi ya mita moja ndani ya miaka 5 ya kwanza baada ya kukaushwa, halafu sentimita 5 hivi kila mwaka. Linganisha na kasi ya kujengwa kwa mboji yetu: mwaka mmoja wa kushuka namna hiyo unameza unene uliochukua miaka zaidi ya 80. Maji yakimwagika hayazoleki, na hapa yanamwagika na nchi yake.

Kuna anayeweza kusema Kongo si Indonesia, sisi tuna mvua. Ni kweli tuna mvua, lakini si nyingi kama tunavyodhani. Bonde la Kati hupata milimita 1,700 hivi kwa mwaka, pungufu sana ya zile zinazoinyeshea mboji ya Asia ya Kusini-Mashariki. Mboji yetu inaishi karibu na ukingo. Mwaka 2022 kundi la watafiti waliochunguza tabaka zake walionyesha kwamba ukingo huo uliwahi kuvukwa: hali ya hewa ilipokauka, usawa wa maji ulishuka, na mboji iliyojengwa tangu takriban miaka 7,500 iliyopita hadi miaka 2,000 iliyopita sehemu yake kubwa ikaoza na kutoweka. Maji yaliporudi, mboji ilianza kujengwa upya juu ya pengo hilo. Ukame ule ulikuja bila barabara, bila mfereji, bila mtambo. Tukiuongezea mikono yetu katika dunia inayozidi joto, sijui tutawaambia nini watoto wetu.

Basi nini kifanyike? Kwanza mabomba. Kipimo cha maji ya mboji ni bomba la plastiki la kawaida, lile la mafundi wa maji, lililotobolewa matundu pembeni, likazamishwa mpaka ligote kwenye mfinyanzi, shingo yake ikabaki juu. Unateremsha kamba ya kupimia, unasoma maji yako wapi, unaandika tarehe. Ukiwa na fedha kidogo unaning'iniza ndani yake kipima mgandamizo kinachojiandikia chenyewe kila saa. Bomba hilohilo linakupa jibu la pili bila gharama: kwa kuwa limesimama kwenye mfinyanzi usiosogea, mboji ikishuka shingo inazidi kurefuka. Mabomba ya namna hii yakisambazwa kwa mpangilio, kuanzia ukingo wa mto hadi katikati ya kinamasi, katika majimbo yote matano, yangetupa kitu ambacho hakuna setilaiti itakayotupa.

Na wa kuyasoma wapo tayari. Katika vijiji vya Équateur, kiangazi kinapoingia, wanawake huziba vidimbwi vya msituni kwa matuta ya udongo, wakayateka maji kwa mabeseni hadi samaki wabaki kwenye tope. Wavuvi hao wanajua kidimbwi kipi hukauka kwanza, kipi hakijakauka tangu enzi za bibi zao, na mwaka upi maji yalichelewa kurudi. Waajiriwe. Nasema waajiriwe, kwa mkataba na posho ya kila mwezi inayofika kwa simu, wafundishwe kusoma bomba na kuandika, na majina yao yaandikwe kwenye ripoti kama yanavyoandikwa ya maprofesa. Mtu anayepima maji ya ardhi yake kwa malipo ya soda na fulana ataacha baada ya miezi mitatu, na atakuwa na haki.

Kisha rada iletwe juu ya mabomba hayo. Tarehe 30 Julai 2025 Marekani na India zilirusha setilaiti ya pamoja, NISAR, yenye mawimbi marefu yale yanayopenya majani. Inarudi juu ya kila eneo kila baada ya siku 12, na takwimu zake zimepangwa kutolewa bure. Ikilinganishwa picha kwa picha, rada kama hiyo inaweza kuonyesha uso wa ardhi ukipanda na kushuka kwa sentimita chache, kwani mboji huvimba ikilowa na kusinyaa ikikauka. Chini ya msitu mnene kipimo hicho bado kinahitaji kusahihishwa, na cha kukisahihishia ni mabomba. Mahali bomba linasema maji yameshuka sentimita 40 na rada inaonyesha ardhi imesinyaa, hapo tumepata lugha ya kuisoma picha nzima, hata kule ambako hakuna mtu atakayefika kwa mtumbwi. Kazi hiyo haina siri. Inataka chumba chenye umeme wa uhakika, intaneti, na vijana wachache waliosomea mambo hayo na wanaolipwa kwa wakati.

Vijana hao wako Kisangani, wako Kinshasa, wako Mbandaka. Yangambi, kilomita mia moja hivi kutoka hapa nilipo, tangu mwaka 2020 umesimama mnara wa mita 55 unaopima hewa ukaa inayoingia na kutoka msituni. Kwa hiyo asije mtu akasema Wakongo hawawezi kuendesha vyombo. Sampuli nyingi za mboji yetu zimepimwa katika maabara za Ulaya, na wenzetu waliozipima wametendea haki kazi hiyo. Lakini nchi inayomiliki theluthi mbili za hazina hii haiwezi kuendelea kusubiri bahasha kutoka nje ili ijue afya ya ardhi yake.

Najua hoja itakayotolewa kwenye kikao cha mawaziri, nami siichukulii kwa wepesi: shule hazina madawati, barabara hazipitiki, na mafuta ni fedha. Tena wanaotuhubiria walikausha kwao kwanza. Hilo la pili ni kweli tupu. Ujerumani imekausha zaidi ya asilimia 90 ya ardhi yake ya mboji. Huko Holme Fen, Uingereza, mwaka 1851 walizamisha nguzo ya chuma ndani ya mboji, kichwa chake kikawa sawa na ardhi. Leo nguzo hiyo imetokeza mita 4 hewani, kwa kuwa ardhi ndiyo iliyoshuka. Wana deni, na walilipe. Novemba 2021, kule Glasgow, nchi yetu ilitia saini makubaliano ya dola milioni 500 kwa ajili ya misitu. Sehemu ya fedha za namna hiyo iende moja kwa moja kwenye mabomba, posho za wasomaji wake na chumba cha rada. Tukienda kwenye meza ya mazungumzo na vipimo vyetu wenyewe, vya miaka mfululizo, tutadai kwa namba. Tukienda na ramani tuliyochorewa, tutapangiwa bei.

Na kuhusu fedha za mafuta, nitasema tu kwamba hakuna aliyeonyesha hadharani hesabu inayoweka upande mmoja mapato ya vitalu hivyo na upande wa pili gharama ya kurudisha maji yakishaondoka. Indonesia inailipa gharama hiyo hadi leo.

Majirani zetu pia wameonja. Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kinamasi cha Rugezi chenye mboji, kilichokuwa kimechimbwa mifereji ili kilimwe, kilishindwa kuyalisha vizuri maziwa ya Burera na Ruhondo. Maji yalipungua, mtambo wa umeme wa Ntaruka ukapungukiwa nguvu, Kigali ikaingia gizani. Serikali ikawaondoa wakulima kinamasini, maji yakapanda, na mwaka 2005 Rugezi ikaingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ilikuwa hekta elfu chache tu, na bado wakulima walioondolewa walibeba mzigo mzito. Sisi eneo letu la Ramsar la Ngiri-Tumba-Maindombe peke yake lina zaidi ya hekta milioni 6.5.

Mheshimiwa Waziri, ninachoomba kinawezekana ndani ya muhula wako. Tangaza kwa agizo la wizara kwamba ndani ya ardhi ya mboji hakuna kitalu, barabara mpya wala mfereji utakaoruhusiwa kabla ya miaka miwili kamili ya vipimo vya maji, mabomba na rada kwa pamoja. Weka kikomo cha kisheria cha kushuka kwa maji, kama walivyofanya wenzetu wa Indonesia, lakini kilichotokana na vipimo vya hapa, kwa sababu kinamasi kisichoguswa hakistahili kupewa kikomo cha shamba la akasia. Takwimu zote ziwekwe wazi siku zinapopatikana, na muhtasari wake usomwe kwenye redio za Mbandaka, Inongo na Boende kwa Kilingala, na huku kwetu mashariki kwa Kiswahili, ili mvuvi anayesoma bomba asikie kipimo chake kimefika wapi. Na Waziri wa Haidrokaboni, ambaye nakala hii inamfikia, atie saini agizo hilo pamoja nawe, maana agizo la wizara moja hufutwa na wizara nyingine.

Naomba jibu lako litolewe hadharani, na liwe na tarehe ya kuzamishwa kwa bomba la kwanza.

Wako katika kulitumikia taifa,
Mchora ramani, Kisangani